Maji ya Kisima: Ijue Kasoro Yake Kabla ya Kununua Dawa

Leo tunazungumza na walezi wa Kisauni, Likoni na Changamwe juu ya jambo linalowashughulisha kila asubuhi: maji ya kisima, na njia ya kuyatibu nyumbani kabla mtoto hajayanywa.

Ukienda dukani utaona dawa ya maji ya chupa, vidonge, unga wa pakiti na machujio ya kila bei. Jirani mmoja atakuambia chemsha tu. Wa pili atakuambia tia shabu. Wa tatu atakusifia chujio alilonunua. Kila mmoja anaweza kuwa sawa kwa kisima chake, na akakosea kwa kisima chako.

Kwa hiyo neno letu la leo ni moja: ijue kwanza kasoro ya maji yako, kisha uchague njia ya kuyatibu. Njia inayoua viini haiondoi chumvi. Njia inayoondoa kutu haiui viini. Na mara nyingi kasoro unayoiona kwa macho siyo ile inayompeleka mtoto hospitali.

KWA NINI TUNATEGEMEA VISIMA

Mombasa haina mto wake wa maji matamu. Maji ya bomba yanatoka mbali: chemchemi za Mzima katika Taita Taveta, kwa bomba la kilomita zipatazo 220 lililokamilika mwaka 1957; visima vya Baricho kando ya mto Sabaki katika Kilifi; chemchemi za Marere katika Shimba Hills; na visima virefu vya Tiwi katika Kwale. Mji umekua kuliko maji hayo. Bomba likikauka, watu hurudi kwenye kisima cha uani, kwenye kisima cha msikiti, au kwa muuza maji mwenye mkokoteni.

Kutumia kisima si aibu wala si kosa. Wazee wetu waliishi kwa visima. Tofauti ni kwamba zamani nyumba zilikuwa chache na vyoo vilikuwa vichache. Leo katika mitaa kama Mishomoroni au Mtongwe, kisima na choo cha shimo huwa katika kiwanja kimoja, na choo cha jirani kiko nyuma ya ukuta.

KISIMA KIMOJA SI SAWA NA KINGINE

Maji ya kisima huchukua tabia ya mawe na udongo yaliyopitia.

Sehemu kubwa ya Kisauni, na upande wa Likoni ulio karibu na bahari, imekaa juu ya mawe ya matumbawe. Mawe hayo ni ya chokaa. Maji yake huwa magumu: sabuni haitoi povu upesi, na sufuria ya chai hufanya ukoko mweupe. Ugumu huo unakera lakini si ugonjwa. Jambo la kuogopa katika matumbawe ni lingine: yana nyufa na matundu. Maji machafu ya choo yanapita humo haraka bila kuchujwa, tofauti na mchanga mzuri ambao huyapunguza viini kidogo kidogo.

Changamwe ni tofauti. Huko mawe ya chini ni ya udongo wa mfinyanzi uliogandamana. Maji yake ni haba, na mara nyingi yana chumvi.

Nenda sasa milimani, katika sehemu zenye mawe magumu yasiyo na chokaa. Huko mvua hupita ardhini ikabeba hewa ya udongo inayoyafanya maji kuwa na ukali wa asidi, na hakuna chokaa ya kuupoza. Maji hayo huwa laini, sabuni hutoa povu vizuri, lakini hula mabomba ya chuma na huyeyusha madini ya chuma kutoka ardhini. Ndiyo maana ndugu yako wa milimani anaweza kukupa ushauri uliomfaa yeye kabisa na usikufae wewe wa Kisauni. Yeye anapambana na asidi na kutu. Wewe unapambana na choo na bahari.

KASORO NNE ZA MAJI YA KISIMA

Ya kwanza ni viini vya maradhi. Hivi ndivyo vinavyoleta kuhara, kuhara damu, homa ya matumbo na kipindupindu. Havina rangi, havina ladha, havina harufu. Watafiti wa taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, pamoja na wenzao, walichunguza visima vya Kisauni, na kazi yao ikachapishwa mwaka 2006. Walikuta dalili za kinyesi katika maji, na wakaonyesha kidole kwenye vyoo vya shimo na matangi ya maji machafu. Mlipuko wa kipindupindu uliotangazwa nchini Kenya mwezi wa Oktoba 2022 ulienea katika kaunti nyingi, na ulitukumbusha kwamba ugonjwa huu haujatuaga.

Usidanganyike na maji yanayong'aa. Mwaka 1854 mjini London, katika mtaa wa Broad Street, kulikuwa na pampu ya kisima ambayo watu waliyapenda sana maji yake. Mama mmoja aliyehamia mbali aliendelea kuagiza apelekewe, kwa kuwa aliyaona matamu kuliko mengine. Chini ya ardhi, shimo la uchafu wa nyumba lilikuwa karibu mno na kisima hicho. Watu zaidi ya 600 walikufa kwa kipindupindu katika mtaa ule, na mama yule alikufa pia huko mbali alikokuwa. Daktari John Snow ndiye aliyefuatilia vifo hivyo mpaka akafika kwenye pampu.

Ya pili ni chumvi. Karibu na bahari, maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi ndani ya ardhi, kwa kuwa ni mepesi. Watu wakichota mno, hasa kwa pampu za umeme, maji ya chumvi hupanda. Kisima kilichokuwa kitamu miaka kumi iliyopita kinaweza kuwa chumvi leo. Na wapo wanaodhani kwamba chumvi huua viini. Si kweli. Kiini cha kipindupindu hustawi hasa katika maji yenye chumvi kidogo, kama yale ya mikono ya bahari.

Ya tatu ni madini ya chuma, yaani kutu. Maji hutoka kisimani yakiwa safi, kisha yakikaa kwenye ndoo yanageuka manjano au rangi ya udongo. Hata huku pwani unaweza kukutana nayo, hasa pale ambapo bomba la kisima kirefu au tangi la bati limechakaa. Kutu hubadilisha ladha na kutia madoa nguoni. Kwa kiasi kinachopatikana kwa kawaida kisimani, si sumu kwa mtoto. Lakini ina hila: inakula dawa ya maji. Tutalirudia jambo hili.

Ya nne ni nitrati. Hii ni chumvi ya aina nyingine, isiyo na ladha, inayotokana na kinyesi, mkojo na mbolea inapooza ardhini. Mtu mzima haidhuru upesi. Mtoto mchanga anayenyweshwa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji hayo anaweza kukosa hewa katika damu, midomo na kucha zikawa za rangi ya buluu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za nitrati kwa lita moja ya maji ya kunywa. Pahali penye vyoo vingi na visima vifupi, nitrati ni jambo la kushukiwa.

UTAJUAJE KASORO YA MAJI YAKO?

Anza na yale unayoweza kuyafanya jikoni.

Chota maji kwenye glasi nyeupe, yaache usiku kucha. Yakigeuka manjano au yakaweka mashapo ya rangi ya kutu, yana madini ya chuma.

Pika chai ya rangi kwa maji hayo, na nyingine kwa maji ya bomba au ya mvua. Chai ya kisima ikiwa nyeusi isivyo kawaida, kama wino, ni alama nyingine ya madini ya chuma, kwa sababu majani ya chai yanashikana nayo.

Tazama sabuni na sufuria. Povu haba na ukoko mweupe ni ugumu wa chokaa. Maharagwe nayo hukawia kuiva.

Onja. Ulimi utakuambia kama kuna chumvi nyingi.

Tazama mabomba. Madoa ya kijani na buluu kwenye sinki yanaonyesha kwamba maji yana asidi na yanakula shaba ya mabomba. Hayo ni ya milimani zaidi kuliko ya kwetu.

Kisha piga hatua. Choo kiko umbali gani? Ushauri wa kawaida ni mita 30 au zaidi kati ya choo na kisima, na choo kiwe upande wa chini wa mteremko. Katika matumbawe hata mita 30 si dhamana, kwa ajili ya zile nyufa. Je, kisima kina mfuniko na ukingo? Maji ya mvua yanaingia? Kamba na ndoo zinalala chini?

Viini na nitrati haviwezi kupimwa kwa ulimi wala kwa macho. Vinahitaji maabara. Muone afisa wa afya ya umma katika zahanati au ofisi ya kata yako, umuulize utaratibu wa kupima maji. Mkemia Mkuu wa Serikali ana maabara Mombasa. Gharama ikiwa kubwa kwa nyumba moja, wapangaji wa ploti nzima au waumini wa msikiti au kanisa wanaweza kuchanga, kwa kuwa kisima ni kimoja. Mpaka upate majibu, chukulia kwamba kisima chochote kifupi cha mtaani kina viini. Hapo hutakosea.

KILA NJIA NA KAZI YAKE

Kuchemsha. Maji yakitokota kwa mapovu makubwa dakika moja, viini vinakufa, hata vile sugu ambavyo dawa ya maji haiviwezi. Kimoja chao huitwa kriptosporidiamu. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2013, uliofanywa katika nchi saba za Afrika na Asia pamoja na magharibi mwa Kenya, ulikuta kwamba ni miongoni mwa visababishi vikuu vya kuhara kwa watoto wachanga. Kwa hiyo nyumba yenye mtoto mchanga au mtu mwenye kinga dhaifu ina sababu ya kuchemsha. Lakini kuchemsha hakuondoi chumvi wala nitrati. Tena, mvuke ukitoka, chumvi na nitrati zinabaki nyuma na kuongezeka ukali. Na makaa ni ghali. Mama asiyemudu kuchemsha maji yote achemshe ya mtoto kwanza.

Dawa ya maji. Ni klorini, ya chupa au ya vidonge. Ni rahisi, na ina sifa moja ambayo kuchemsha hakuna: hubaki ndani ya maji ikiyalinda kwa muda hata mkono mchafu ukigusa. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye chupa au pakiti, kwa kuwa nguvu za dawa hutofautiana. Koroga, funika, ngoja dakika 30 kabla ya kunywa. Usikisie kipimo kwa dawa ya kufulia, na kamwe usitumie ile yenye manukato.

Sasa ile hila ya kutu. Klorini ikikutana na madini ya chuma, inaishia kupambana nayo. Viini vinasalimika. Mama anatia dawa, anaona amemaliza, kumbe dawa imeliwa. Dalili ni hizi: maji hugeuka rangi mara tu baada ya kutia dawa, na baada ya nusu saa hakuna hata harufu kidogo ya dawa. Basi ondoa kutu kwanza, tia dawa baadaye.

Jua. Chupa ya plastiki isiyo na rangi, ya lita moja au mbili, ikijazwa maji maangavu na kulazwa juani saa sita, mionzi huua viini. Kukiwa na mawingu, siku mbili. Utafiti kwa watoto wa Kimaasai hapa Kenya, uliochapishwa mwaka 1996, ulionyesha kwamba waliokunywa maji yaliyowekwa juani waliharisha kidogo kuliko wenzao. Jua la pwani tunalo, na halina bei. Lakini maji ya kutu au yenye vumbi huzuia mionzi. Weka chupa kwenye gazeti: kama huwezi kusoma maandishi makubwa kupitia maji, hayajawa tayari kwa jua.

Chujio la udongo wa kuchoma. Matundu yake ni madogo mno, hivyo huzuia viini vingi na uchafu. Halizuii virusi vyote, wala chumvi, wala nitrati. Kutu huliziba upesi, kwa hiyo lazima lisuguliwe kwa brashi laini na maji safi, bila sabuni. Likipata ufa, limekwisha.

Shabu, unga wa mbegu za mlonge, na kitambaa safi kilichokunjwa. Hizi zinasaidia kutuliza matope. Maji yanakuwa maangavu, na maangavu si salama. Baada yake lazima uue viini kwa dawa, jua au moto. Zipo pia pakiti za unga zinazofanya kazi zote mbili, kutuliza na kuua viini. Soma maelezo yake na uyafuate hatua kwa hatua.

Mashine ya utando. Hii husukuma maji kwa nguvu kupitia utando mwembamba sana, na ndiyo njia inayotumika kuondoa chumvi na nitrati. Inahitaji umeme au msukumo wa maji, utando hubadilishwa, na sehemu ya maji hutupwa. Kwa nyumba nyingi ni ghali. Maduka ya kujazia maji mitaani mara nyingi hutumia mashine hizi. Muulize mwenye duka ni lini alibadilisha utando na ni lini maji yalipimwa. Na mtungi unaoubeba uwe safi, la sivyo umenunua maji safi ukayachafua njiani.

SASA TUCHAGUE

Ikiwa maji yako ni matamu, maangavu, na kisima ni kifupi cha mtaani: kasoro yako ni viini, na labda nitrati. Dawa ya maji kila siku, au kuchemsha, au jua, vinatosha kwa mkubwa na kwa mtoto aliyeanza kula. Kwa maziwa ya kopo tafuta maji mengine.

Ikiwa maji ni ya chumvi: usipoteze makaa wala chujio ukitumaini yatakuwa matamu. Hayatakuwa. Yatumie kwa kufua, kuosha sakafu na chooni. Ya kunywa na kupikia yatoke kwenye bomba, au duka la maji, au mvua. Wazee wa pwani walikuwa na birika la kuhifadhi maji ya mvua, na busara hiyo haijapitwa na wakati. Paa la bati safi, mfereji, tangi lenye mfuniko, na maji ya kwanza ya mvua yamwagwe kwa kuwa yamebeba vumbi na mavi ya ndege. Nayo yatiwe dawa kabla ya kunywa.

Ikiwa maji yana kutu: yamimine kutoka ndoo moja hadi nyingine mara kadhaa ili yapate hewa. Yafunike, yaache yatulie usiku kucha. Kutu itakaa chini. Mimina ya juu taratibu kupitia kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, au chujio la mchanga. Hapo ndipo utie dawa ya maji. Kwa maji ya pwani yenye chokaa njia hii hufanya kazi vizuri. Kwa maji ya asidi ya milimani kutu hukawia kushuka, hivyo huko maji hupitishwa kwanza kwenye kokoto safi za mawe ya chokaa au matumbawe ili ukali upungue. Kokoto, si chokaa ya kujengea, ambayo inaunguza. Na mwenye mabomba ya zamani kwenye maji ya asidi ayafungulie yatiririke kidogo asubuhi kabla ya kuchota ya kunywa, kwa sababu maji yaliyolala bombani yanaweza kuwa yameyeyusha risasi na shaba.

Ikiwa unanunua kwa mkokoteni: hujui yametoka wapi. Leo ni ya bomba, kesho ni ya kisima. Yatibu kila mara. Na wakati wa masika, mafuriko yanapoingiza uchafu wa vyoo visimani, usiruke hata siku moja.

MTOTO MCHANGA, MAMA MJAMZITO NA MTOTO ANAYEHARISHA

Mtoto wa chini ya miezi sita anayenyonya hahitaji maji kabisa, hata katika joto la Mombasa. Maziwa ya mama yana maji ya kutosha. Kila kijiko cha maji unachomnyima ni kinga unayompa. Pale ambapo mama hanyonyeshi kwa sababu za kiafya, maziwa ya kopo yakorogwe kwa maji ya bomba au ya chupa yaliyochemshwa, si ya kisima cha chumvi wala kilicho jirani na choo. Ukiona midomo ya mtoto imekuwa buluu, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo, na uwaambie maji mliyotumia.

Mama mjamzito asizoee maji ya chumvi. Katika pwani ya Bangladesh, watafiti walikuta, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, kwamba wajawazito waliokunywa maji yenye chumvi nyingi walikuwa katika hatari zaidi ya kupanda kwa shinikizo la damu na kifafa cha mimba. Wale ni watu wa pwani wenye visima kama sisi. Nenda kliniki upimwe presha, na umwambie muuguzi kama maji yenu ni ya chumvi.

Mtoto akiharisha, mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti kutoka zahanati. Hapa zingatia sana: pakiti hiyo imepimwa chumvi yake kwa makini. Ukiikoroga kwa maji ya kisima cha chumvi, umezidisha chumvi, na badala ya kumponya mtoto unaweza kumdhuru. Tumia maji matamu, yaliyotibiwa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Mpe pia zinki kama ulivyoelekezwa kwa siku 10 hadi 14, na uendelee kumnyonyesha. Mtoto aliyelegea, macho yameingia ndani, au anayetapika kila kitu, hangoji asubuhi.

MAJI YALIYOTIBIWA HUCHAFUKA TENA

Kazi yote ya asubuhi hupotea kwa kikombe kimoja. Maji yakiwa kwenye ndoo wazi, mtoto huchovya mkono uliotoka chooni. Weka maji ya kunywa kwenye chombo chenye mdomo mwembamba na mfuniko, au chenye bomba chini. Kule Homa Bay wafinyanzi walitengeneza mitungi ya udongo yenye mdomo mdogo na bomba, kwa sababu watu waliupenda ubaridi wa mtungi. Nasi tunaupenda. Kama ni lazima kuchota, tumia kata yenye mpini mrefu, na uitundike. Osha chombo kila wiki kwa sabuni na maji yaliyotibiwa. Osha mikono kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kumlisha mtoto.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Maji maangavu na matamu yanaweza kuwa na viini. Tibu maji ya kisima kila siku.
2. Kuchemsha na dawa huua viini, lakini haviondoi chumvi wala nitrati.
3. Kutu iondoke kwanza, dawa ifuate.
4. Maji ya chumvi hayafai kwa maziwa ya kopo, kwa maji ya pakiti ya mtoto anayeharisha, wala kwa mama mjamzito.
5. Chombo chenye mfuniko ni sehemu ya tiba.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

Choo cha karibu kiko hatua ngapi kutoka kisima chetu? Nani mtaani ana kisima kilichowahi kupimwa, na majibu yalisemaje? Tukichanga, tunaweza kupima kisima kipi kwanza? Nani kati yetu ana mtoto anayetumia maziwa ya kopo, na anapata wapi maji yake?

Mama mpendwa, kinga ni bora kuliko tiba, na kinga hii haianzi dukani. Inaanza kwa glasi ya maji iliyolala usiku kucha mezani pako, chai ya rangi katika vikombe viwili, na hatua unazopiga kutoka kisimani hadi chooni. Fanya hayo kesho, kisha nenda kwa afisa wa afya ukiwa na maswali yako.